Kalibu Isiyopakwa Mafuta

Kedunglempung, Alhamisi Pon, 9 Juni 1988

Kwako Nduk Ningsih, mwanangu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mumeo Prapto na mjukuu wangu Retno. Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu. Bude, mama yako mkubwa, anakusalimu sana. Anasema tangu mrudi Surabaya baada ya Idi nyumba imepooza, hata kuku wanapita mlangoni wakichungulia kama Retno yupo. Anasema pia umekonda, na kwamba huyo Prapto akikupa kazi nyingi atakuja kumvuta sikio mwenyewe. Mimi simo.

Sasa nikwambie la maana. Ile zahanati ya wazazi tuliyoahidiwa miaka na miaka inajengwa, nyuma ya soko, kwenye lile shamba la mahindi la marehemu Sarpan. Na fundi mkuu ni baba yako mkubwa huyu huyu, umri sitini na moja, jicho moja na nusu. Mkandarasi kasema hataki mwingine.

Lakini mchoro wao unaninyima raha. Msingi sentimita sitini. Sitini, Nduk! Nyumba ya matofali, hapa kwetu! Ulipokuwa na miaka saba kandambili yako ilitumbukia kwenye ufa wa shamba hilo hilo, nikaingiza mkono hadi kwapani nisiiguse. Wazee wetu walijenga kwa mbao za mtiki juu ya mawe kwa sababu nyumba ya mbao udongo ukienda nayo inakwenda, ukirudi nayo inarudi. Tofali haliendi popote, linapasuka tu.

Nikamwuliza msimamizi, kijana mwenye kofia ya plastiki. Akafungua jalada akanionyesha karatasi: udongo umepimwa Surabaya, unasinyaa asilimia sita tu, ni udongo mpole. Kutazama chini nikaona muhuri wa ofisi yenu! Basi nikafunga mdomo. Kama karatasi imetoka kwenu, mimi nani? Nimewaambia mafundi wote kwamba hiyo ni maabara ya binti yangu. Nimewaambia mara nyingi mno, sasa wakiniona nafungua kinywa wanaanza kuondoka.

Niambie, ni wewe uliyeupima? Na mnaupimaje hasa? Jumatatu Pahing tunaanza kuchimba. Ni siku njema, nimeihesabu mara mbili kwa kalenda ya wazee.

Wako,
Pakde Karso


Surabaya, 20 Julai 1988

Kwa Pakde na Bude,

Shikamoo Pakde, shikamoo Bude. Nisameheni kwa kuchelewa kujibu. Tu wazima. Retno kang'oka jino la mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Mas Prapto anafanya kazi hadi Jumapili, mabasi ya kampuni yao yamechakaa yote kwa pamoja. Maji ya bomba yanatoka asubuhi tu, kwa hiyo ndoo zimejaa hadi chumbani. Jirani yetu mpya ni mtu wa Madura, anauza mishikaki, na nguo zetu zote sasa zinanukia moshi. Mwambie Bude nimenenepa kidogo.

Hongera sana kwa kazi ya zahanati. Hakuna anayestahili kuliko wewe.

Uliuliza tunavyopima. Tuna kalibu ya shaba, mfereji mdogo kama bomba lililopasuliwa katikati, urefu wake sentimita kumi na nne. Udongo hukaushwa, husagwa, huchekechwa, kisha hukorogwa na maji hadi uwe kama uji mzito. Kalibu hupakwa mafuta ya mgando ndani, udongo hujazwa, hugongwagongwa ili mapovu yatoke, husawazishwa kwa kisu butu. Huachwa kivulini mpaka uanze kuachana na kuta zenyewe, ndipo unaingia kwenye tanuri. Ukikauka tunapima umepungua urefu kiasi gani. Basi, ni hivyo tu. Kazi ya subira kuliko akili.

Na uliuliza kama ni mimi niliyeupima. Inggih, Pakde.

Ningsih

Nimesahau. Kama hamjamaliza kuchimba, labda mwende chini kidogo zaidi ya sitini. Si kwa sababu ya karatasi. Ni wazo tu limenijia.


Kedunglempung, Jumatatu Wage, 29 Agosti 1988

Nduk Ningsih,

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Bude ana kikohozi cha vumbi, kiangazi hiki ni kikali, kisima cha kwa Mbah Rebi kimekauka. Mwambie Retno acheke tu, mimi sina meno manne na nacheka.

Wazo lako lilikuja wakati kuta zimeshafika madirishani. Hata hivyo nilikwenda kumwambia yule wa kofia ya plastiki kwamba sitini haitoshi. Akasema, "Mbah, karatasi inasema inatosha. Au Mbah anabishana na maabara?" Nami najua maabara ni nani. Nikasema inggih, nikarudi kwenye matofali yangu.

Zahanati ilifunguliwa tarehe kumi na saba, siku ya uhuru. Pakapikwa wali wa manjano, mlima wa wali unaofika kifuani, na mkuu wa wilaya akakata utepe kwa mkasi wa mshonaji kwa sababu ule wa sherehe ulisahaulika. Alinishika mkono. Alisema kuta zimenyooka. Zilikuwa zimenyooka kweli, Nduk, nilizipimia timazi kila tofali la tano. Siku tatu baadaye akazaliwa mtoto wa kwanza, wa kiume, na sauti yake ilisikika sokoni. Nilisimama nje nikijifanya naangalia mifereji ya paa.

Yatmi wetu naye ana mimba. Atajifungua Januari, anasema lazima iwe kwenye jengo la baba yake.

Hakuna jingine. Mlango wa chumba cha kuzalia unabana kidogo. Nimeupiga randa.

Pakde Karso


Surabaya, 25 Septemba 1988

Kwa Pakde,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha Bude kimepoa, namtumia dawa ya maji pamoja na barua hii, vijiko viwili asubuhi na jioni. Hongereni kwa mimba ya Yatmi. Retno anacheka sasa, jino jipya limechungulia.

Pakde, ule mlango unabana upande gani? Juu au chini? Upande wa bawaba au wa kitasa? Na ulipoupiga randa, ulikaa sawa au umebana tena? Naomba pia uzunguke jengo ukiangalia ardhi. Kuna nyufa zinazokwenda sambamba na ukuta? Zinapitisha sarafu au zinapitisha kidole? Na kwenye pembe za madirisha, je, lipu imepasuka kimshazari?

Nauliza kwa sababu ya kazi tu, tunakusanya habari za majengo mengi.

Kama haitakusumbua, chimba udongo kidogo kwenye pembe ya chumba cha kuzalia, kina cha goti, ujaze mkebe wowote. Mpe dereva Wagimin wa basi la asubuhi, anafika gereji kwa Mas Prapto kila Alhamisi. Ni kwa udadisi wangu mwenyewe.

Ningsih


Kedunglempung, Jumapili Legi, 30 Oktoba 1988

Nduk,

Assalamu alaikum. Sote wazima. Dawa imefika, Bude anasema tamu mno lakini kainywa yote.

Udongo nimeuweka kwenye mkebe wa biskuti wa Idi. Wagimin ameahidi hataukalia.

Mlango unabana juu, upande wa kitasa. Mengine sikuangalia vizuri.

Siku hizi napumzika. Nimejenga banda jipya la kuku.

Pakde


Surabaya, 14 Novemba 1988

Kwa Pakde wangu,

Shikamoo. Sitauliza habari za nyumbani leo kwa sababu ninazijua. Chini ya udongo, ndani ya mkebe, Bude alificha kipande cha karatasi. Usimgombeze. Ameandika hivi: "Pakde wako ameitwa ofisini mara tatu. Zahanati imepasuka kuanzia dirishani hadi kwenye linta, wazazi wamehamishiwa ukumbi wa kijiji. Wanasema alitia maji mengi kwenye saruji na nondo akauza. Mkandarasi amemfukuza. Hatoki nje, anajenga banda la kuku ambalo hatuna kuku wa kulijaza. Usimwambie nimekwambia."

Nimeisoma nikiwa nimesimama gereji, mbele ya mafundi wa Mas Prapto.

Pakde, hukutia maji mengi kwenye saruji. Hukuuza nondo. Ni mimi.

Mikebe ya udongo wa Kedunglempung ilifika kwetu mwezi wa mfungo. Nilisoma jina la kijiji kwenye lebo nikafurahi, nikaomba nipime mwenyewe. Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, ofisi nzima ilikuwa inaaga, na basi letu la kuja kwenu lilikuwa saa nane. Karatasi ilitakiwa siku hiyo. Mafuta ya mgando yalikuwa yamekwisha, na aliyekuwa na ufunguo wa stoo alikuwa ameshaondoka. Nikajaza kalibu hivyo hivyo, kavu. Sikungoja kivulini. Nikaisukuma kwenye tanuri.

Kalibu isipopakwa mafuta udongo hauwezi kuteleza. Unang'ang'ania shaba kwenye ncha zote mbili, na kwa kuwa lazima unywee, unapasukia katikati. Nilipofungua tanuri ulikuwa na nyufa nne. Kanuni ni kutupa na kuanza upya. Mimi niliweka rula kutoka ncha hadi ncha, nyufa zote humo humo ndani, nikaandika umepungua milimita nane. Asilimia sita.

Pak Handoyo, mkuu wangu, alipita na mkoba mkononi. Akasema, "Sita tu? Udongo wa huko? Mimi ningedhani zaidi." Akaniangalia kidogo. "Lakini wewe ndiye mwenyeji. Sita, eh?"

Nikasema, "Inggih, Pak."

Akagonga muhuri. Alinifungulia mlango kabisa, Pakde, nikashindwa kupita. Kumkatalia mkuu mbele ya watu, siku ya kuagana, na kumwambia kazi yangu ni chafu, sikuweza. Na nilikuwa naangalia saa.

Hiyo ni Ijumaa. Jumanne ilikuwa Idi. Nilipiga magoti mbele yako kwenye mkeka, nikagusa goti lako kwa paji la uso, nikaomba nisamehewe kosa la nje na kosa la ndani kama tunavyoomba kila mwaka, nawe ukaweka mkono kichwani kwangu ukasema nimesamehewa yote. Nilikuwa najua. Nilikubali msamaha wako mdomoni nikiwa na lile jambo tumboni, kisha nikala wali wa nazi kwa Bude sahani mbili.

Udongo wa mkebe nimeupima vizuri. Nimepaka mafuta kwa kidole changu, nimengoja siku mbili kivulini. Umeteleza mzima, bila ufa hata mmoja. Umepungua milimita ishirini na nne. Asilimia kumi na saba. Hakuna mtu duniani angejenga msingi wa sentimita sitini juu ya udongo huo.

Ulinilea tangu baba alipofariki. Ada ya shule ya ufundi ulinilipia kwa kubeba matofali.

Niambie nifanye nini, nami nitafanya.

Ningsih


Kedunglempung, Jumanne Pahing, 20 Desemba 1988

Nduk Ningsih,

Assalamu alaikum. Mvua imeanza. Bude mzima, kikohozi kimekwisha. Nimemgombeza kuhusu karatasi, akanijibu kwamba yeye aliagizwa asiseme, hakuagizwa asiandike.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Siku ya kwanza niliitia jikoni kwenye kuni, kisha nikaitoa, ndiyo maana ukurasa wa mwisho naujibu kwa kumbukumbu tu, uliungua. Nilikasirika. Sitaki nikufiche hilo. Si kwa sababu ya mafuta, mtu yeyote huishiwa mafuta. Nilikasirika kwa sababu nilikuandikia nikikuuliza, nikakuuliza wazi, ni wewe uliyeupima? Ungejibu upesi msingi ungekuwa bado shimo. Ungeniambia kwa neno moja ningelala ndani ya shimo lile wasinitoe. Ukaniandikia habari za jino la Retno na moshi wa mishikaki.

Sasa nisikilize. Mimi nilijua kabla yako kuniambia. Mtu haulizi mlango unabana upande gani kama hana lake. Barua yako ya Septemba niliisoma mara tatu na nikamwambia Bude, mtoto huyu ana jambo.

Na jambo lenyewe limeshakwisha. Novemba, kabla barua yako haijafika, niliitwa mara ya nne. Afisa alikuwa mpya, mtu wa Medan, anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesimamia mchanganyiko wa saruji?" Nikasema inggih. "Huenda maji yalizidi?" Inggih. "Na nondo zilipungua?" Inggih. Mwandishi wake akawa anaandika tu, taka taka taka. Unajua sisi. Mtu mkubwa akisema nasi tunasema inggih, yaani nimekusikia bwana, endelea. Kwao watu wa Medan ndiyo ni ndiyo. Aliponisomea karatasi nikakuta nimekiri kila kitu tangu niumbwe.

Ningeweza kukataa pale. Nilifungua mdomo nikataka kusema hapana, sivyo nilivyokusudia. Kisha nikakumbuka swali lako, mlango unabana upande gani, nikatia kidole gumba kwenye wino.

Kwa hiyo usimwandikie Pak Handoyo wako. Hawanifungi, mimi mzee, wamenikataza tu kazi za serikali, na kazi za serikali zenyewe zingenipata wapi tena? Wewe una mtoto shuleni na cheo. Ulisema nikwambie ufanye nini, nawe utafanya. Basi nakwambia kaa kimya.

Zahanati wameipiga lipu upya, imependeza. Kwa vile kosa ni la fundi na si la udongo, wanasema jengo ni zima, na wazazi watarudi wiki ya pili ya Januari. Yatmi nimemwambia ajifungulie nyumbani. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nyumbani kuna joto. Akasema, "Bapak anaona aibu na jengo lake mwenyewe," akaondoka analia.

Pakde Karso


Surabaya, 12 Januari 1989

Kwa Pakde na Bude,

Shikamoo Pakde, shikamoo Bude. Sote wazima. Retno amenipa mchoro wa kuku niuweke humu, ni yule mwenye miguu mitano.

Pakde, sikukutii. Ni mara ya kwanza maishani.

Sikuweza kukaa kimya. Ningekubali ubebe jina langu baya, Mungu anajua, nilikuwa tayari kukubali, nilikaa siku mbili na barua yako nikiona nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonitia haya kuliko yote. Lakini ule mstari wako kuhusu lipu nilirudi kuusoma. Udongo ule unanyonya mvua sasa na kuvimba, na mwezi wa saba utanywea tena. Lipu haijui hilo. Linta ya chumba cha kuzalia, boriti nzito ya zege, imekaa juu ya ukuta uliokwisha kukatika, na chini yake kuna kitanda.

Jumatatu nilimwambia Pak Handoyo. Alifunga mlango kwanza. Akasema, "Umefanya kipimo kimoja, kwa udongo wa mkebe wa biskuti, bila barua ya ofisi. Mimi niliweka muhuri kwa neno lako. Sasa unataka niuondoe kwa neno lako?"

Nikasema, "Inggih."

Akasema, "Hiyo ni inggih gani?"

Nikasema, "Ni ndiyo, Pak. Ndiyo ya kweli."

Hakunipa barua. Alinipa likizo, akasema nitumie muda huo kufikiri. Nilimwambia naondoka na kalibu moja, akageuka akatazama dirishani mpaka nilipotoka nayo. Sijui kama alinisaidia au alinichoka.

Jumatano nilipanda basi la Wagimin hadi Bojonegoro, kalibu mapajani, udongo uliokauka ukiwa bado ndani yake. Nilikwenda ofisi ya afya ya wilaya nikaketi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Yule mtu wa Medan ndiye aliyeitwa. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, asilimia na kanuni. Akanikatiza. "Bibi, nionyeshe tu."

Nikaweka kalibu mezani. Nikamwambia, udongo huu ulijaza shaba yote, ncha hadi ncha. Aliangalia lile pengo lililobaki. Akatia kidole chake, kikaingia, akakizungusha. Ana vidole vinene, Pakde. Kisha akaniuliza nani aliandika sita. Nikasema mimi. Akaniuliza tena, polepole, kama anaogopa sikuelewa swali. Nikasema ni mimi, na sasa naomba niandike kwa mkono wangu, nisiandikiwe.

Zahanati imefungwa tangu jana, kwa karatasi yenye sahihi. Kuta zitabomolewa mvua zikiisha na msingi utakwenda mita moja na nusu. Kuhusu wewe, anasema karatasi yenye kidole chako haiwezi kutolewa kwenye jalada, lakini yangu itabandikwa juu yake, ili atakayefungua aanze na yangu. Nilibishana. Alisema hilo ndilo analoweza.

Kazi yangu sijui. Wataniita. Mas Prapto aliposikia yote alikwenda kuosha mikono na kuiosha muda mrefu. Usiku alisema tutaishi.

Nilimaliza saa saba mchana. Basi la Kedunglempung lilikuwa limesimama pale pale, kondakta anaita, nafasi zipo. Nilisimama kwenye ngazi yake. Kisha nikavuka barabara nikapanda la Surabaya. Sikuweza kuja kukaa kwenye mkeka wenu.

Ningsih


Kedunglempung, Jumapili Wage, 5 Februari 1989

Nduk Ningsih,

Assalamu alaikum. Yatmi amejifungua, wa kike, kilo tatu na kitu, mkunga alikuja na mizani ya sokoni. Kazaliwa hapa hapa nyumbani, kwenye chumba cha mbele, na mvua ilikuwa kubwa hata hatukumsikia akilia, tuliona tu mdomo. Wote wawili wazima. Mtoto hana jina bado, Bude analo moja na mkwewe analo jingine na hawasalimiani.

Karatasi ya kufunga zahanati imebandikwa mlangoni. Niliisoma nikiwa na watu nyuma yangu. Imeandikwa sababu ni udongo, na jina la fundi halimo. Watu wengine wamekuja kuniomba radhi. Wengine wanasema nina binti mjini anayejua kupanga mambo. Yule wa kofia ya plastiki alipita akanisalimia kwa kuinama, ila kazi hajanipa, na sidhani atanipa. Mikono yangu haijui kukaa, hilo ndilo linalonitesa, wala usidhani karatasi yako imelimaliza.

Ulifanya vizuri kunikaidi. Nimeandika, sitaandika tena.

Lakini nina kesi na wewe. Umefika Bojonegoro. Umesimama kwenye ngazi ya basi la kwetu, mwendo wa saa moja, Bude alikuwa amechemsha mihogo siku hiyo, nakumbuka kwa sababu iliungua. Ukavuka barabara! Bude aliposoma hapo aliweka barua chini, akaingia ndani, hakutoka hadi magharibi. Yale ya kalibu hajayalilia hata mara moja. Hilo amelililia.

Na usiniambie utakuja Idi. Idi kila mtu anasamehewa, hata anayeiba kuku, mtu anaweka mkono kichwani huku akifikiria chakula. Mimi sitaki hiyo.

Unaniuliza kati ya mistari kama nimekusamehe, nimeona. Sijui, Nduk. Asubuhi nyingine naamka nimekusamehe kabisa, nakunywa kahawa, nacheka na mtoto. Asubuhi nyingine nashika mwiko wangu wa kujengea nausugua kutu na sijakusamehe hata kidogo. Nimejaribu kujua kwa barua nimeshindwa, maana kwenye barua sioni uso wako, nawe ni mwepesi wa kuandika habari za jirani.

Panda basi la asubuhi. Njoo ukae mbele yangu, tuone sote wawili itakuwaje.

Pakde Karso